Mzazi, msindikize mwanao, usimchagulie njia

Chora picha hii. Ni Jumapili jioni pale Gatitu, mwendo mfupi tu kutoka mjini Nyeri. Nje, makanga wanaita abiria wa mwisho wa Kiganjo na Karatina, na baridi ya mlima imeanza kushuka. Ndani, taa imewashwa, chai iko mezani, na katikati ya vikombe kuna karatasi moja. Ni fomu ya kuchagua mkondo wa masomo ya Gredi ya 10.

Msichana wa miaka 15 ameandika kwa penseli: Sanaa na Michezo. Anacheza kandanda tangu akiwa mdogo na mwalimu wake anasema ana kipaji. Baba anachukua kifutio. "Msichana wangu, mpira utakulisha mpaka lini? Andika STEM. Utanishukuru baadaye." Mama anaangalia chai yake. Msichana hasemi kitu, sababu kwao baba hajibiwi. Ananyamaza tu, na baba anachukua kimya hicho kuwa ni kukubali.

Hatutaji jina kwa sababu hii si nyumba moja. Kama ulilelewa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya au Embu, pengine uliwahi kukaa kwenye meza kama hiyo. Tofauti ni kwamba wakati wako hakukuwa na fomu. Kulikuwa na swali moja tu lililoulizwa kila likizo: "Ulikuwa nambari ngapi?"

Siku hizi swali limebadilika. Chini ya mtaala wa umilisi, mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 anaingia sekondari pevu kupitia mmoja wa mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Ni mara ya kwanza nchi hii kumwambia mtoto wa umri huo: hebu sema unataka kuwa nani.

Shida ni kwamba tulimuuliza mtoto halafu mzazi akajibu.

Mzazi hajakosa sababu

Kabla hujaanza kupiga makofi, wewe kijana unayesoma hii kwenye simu ndani ya matatu, tulia kidogo. Baba wa Gatitu si adui. Ana historia mgongoni, na usipoijua utabaki kumwita "mzee wa kitambo" bila kuelewa anachoogopa.

Huku kwetu shule haikuletwa kama zawadi. Katika miaka ya thelathini, baada ya mgogoro na wamishonari kuhusu mila, wazazi wa Kikuyu walijenga shule zao huru kwa michango yao wenyewe. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, serikali ya mkoloni ilizifunga. Watu waliopitia hayo hawangeweza kuona elimu kama jambo la mchezo. Baada ya uhuru walirudi kuchanga tena, wakajenga shule za Harambee kila kona.

Halafu kuna kahawa. Kwa muda mrefu Mwafrika hakuruhusiwa kuilima kwa uhuru. Mlango ulifunguka kwa upana katika miaka ya hamsini. Kuanzia hapo ikawa ndiyo bursari ya Nyeri. Mzee alikuwa anapeleka debe za kahawa kiwandani, na malipo yakitoka, yanaenda moja kwa moja kwa karo. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka wa 1989, bei iliporomoka. Wengi wa wazazi tunaogombana nao leo walikuwa watoto wakati huo. Waliona mwenzao wa dawati akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Wakaona pia jirani aliyefika chuo kikuu akirudi na gari. Somo walilojifunza lilikuwa moja: shamba linagawanywa mpaka linaisha, lakini cheti hakigawanywi.

Na wakati mwingine ni ukali wa mzazi, ama tuseme ujasiri wake, ndio ulifungua mlango. Mfikirie Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, hapa hapa Nyeri, mwaka wa 1940. Wakati huo wasichana wengi hawakuwa wanapelekwa shule. Kaka yake aliuliza kwa nini Wangari haendi darasani kama wao, na mama akaamua aende. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya uzamifu, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuipata, na mwaka wa 2004 akashinda Tuzo ya Amani ya Nobel. Mama yake hakuwa na vitabu vya malezi. Alikuwa na uamuzi.

Kwa hivyo hatutasema kwamba mzazi anayesukuma ni mbaya. Tunauliza anasukuma kuelekea wapi, na kama aliyesukumwa aliwahi kuulizwa.

Chui wa Asia na chui wa Mlima Kenya

Ukiingia mtandaoni utakuta mjadala wa "malezi ya Kiasia". Uliwaka sana mwaka wa 2011, wakati Amy Chua, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale na binti wa wahamiaji wenye asili ya Kichina, alipochapisha kitabu Battle Hymn of the Tiger Mother. Alieleza jinsi alivyowalea binti zake wawili: hakuna kulala kwa rafiki, hakuna televisheni, hakuna alama chini ya A, na mazoezi ya piano na fidla kwa saa nyingi kila siku. Wengi walimlaani. Wengine walisema: "Angalau watoto wake wamefaulu."

Msomaji wa Gatitu akisikia hayo anacheka. Kumbe ni mama yetu tu, tofauti ni piano! Weka hisabati mahali pa fidla, weka mwiko mahali pa macho makali, na uko nyumbani.

Lakini kuna sehemu ya kitabu hicho ambayo watu huisahau. Binti mdogo wa Chua aliasi. Akiwa na miaka 13 alimlipukia mama yake hadharani, ndani ya mkahawa, na Chua mwenyewe akakubali kurudi nyuma. Msichana akapunguza fidla, akachagua tenisi. Hata chui alijifunza kwamba mtoto wa pili si nakala ya wa kwanza.

Nchi zenyewe za Asia nazo zimeanza kuvuta breki. China, ambako zaidi ya watoto milioni 13 walijisajili kwa mtihani wa kuingia vyuo vikuu mwaka wa 2024, iliamua Julai 2021 kuzuia biashara ya masomo ya ziada kwa masomo ya msingi. Jijini Seoul, Korea Kusini, vituo vya masomo ya ziada vinatakiwa kufunga saa nne usiku ili watoto wakalale. Sheria kama hizo haziandikwi mahali ambapo mambo ni shwari.

Sisi tuliitangulia China kwenye karatasi. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Lakini wewe mwenyewe unajua ilivyo mtaani. Yakifungwa shuleni, yanahamia sebuleni kwa mwalimu.

Ile kazi "salama" iko wapi?

Hoja kubwa ya mzazi ni usalama. Daktari halali njaa. Mwalimu ana mshahara. Mhandisi ana heshima. Hoja hii ilikuwa na nguvu mwaka wa 1985. Leo inahitaji kuangaliwa upya, bila hasira.

Mwaka wa 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa zaidi ya siku 50. Chanzo kikubwa kilikuwa madaktari wanagenzi: vijana waliokuwa wamesoma miaka sita, wengine wakiwa walipata A ya KCSE, na bado hawakuwa wamepangiwa hospitali wala hawakuwa wamekubaliana na serikali kuhusu malipo. Mwaka huo huo walimu wanagenzi wa sekondari msingi nao waliacha madarasa wakidai kuajiriwa kwa masharti ya kudumu. Hawa walifanya kila kitu walichoambiwa na wazazi.

Hatusemi usisomee udaktari. Nchi inahitaji madaktari, na Nyeri inawahitaji pia. Tunasema tu kwamba kama sababu pekee ya kumlazimisha mtoto ni "kazi iko", basi sababu hiyo imeanza kuvuja. Mtu anayeipenda kazi atavumilia miaka ya kungoja. Aliyeburutwa hatakuwa na cha kumshikilia.

Halafu tuangalie nambari. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ kwenda juu, kiwango cha kuingia chuo kikuu. Hiyo ni karibu robo tu ya waliofanya mtihani. Waliopata A walikuwa 1,693, nchi nzima. Kama nyumbani kwenu heshima inaanzia A, basi mmepanga meza ya watu 1,693 na kuwafungia nje watoto karibu milioni moja.

Hao robo tatu waliobaki hawakupotea. Ndio wanaokurekebishia gari, wanaokata nywele, wanaofunga umeme wa jua, wanaouza maziwa Chaka, wanaopiga picha harusi yako. Wengi walifika huko wakiwa wamechelewa miaka kadhaa, kwa sababu walipitia kwanza kozi ambayo hawakuitaka, wakaiacha katikati, na karo ikaenda.

Na wewe pia, kijana, usijidanganye

Sasa tugeuze kiti. Kuna uongo mwingine unaouzwa kwa bei rahisi, hasa kwenye TikTok: "Fuata ndoto yako, pesa zitakufuata." Hazifuati hivyo. Ndoto isiyo na ratiba ni usingizi.

Mwangalie Catherine Ndereba. Huyu ni wa kwetu, wa Gatunganga, Nyeri. Alishinda Boston Marathon mara nne, mwaka wa 2000, 2001, 2004 na 2005. Mwaka wa 2001 aliweka rekodi ya dunia jijini Chicago, saa 2:18:47. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 2003 na 2007, na akaleta fedha mbili za Olimpiki. Je, alifuata kipaji? Ndio. Lakini pia alijiunga na Idara ya Magereza mwaka wa 1994, akawa na kazi na mshahara huku akikimbia. Kipaji chake kilikuwa na sare na saa ya kuamka.

Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, mpaka akawa bingwa wa dunia mwaka wa 2015 kwa mtupo wa mita 92.72. Lakini video alizitazama halafu akaenda uwanjani, na alikuwa afisa wa polisi. Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka wa 2021, alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwambia mzazi, "Niache, najua ninachofanya," kisha akalala mpaka saa nne.

Kwa hivyo jiulize kwa ukweli, ukiwa peke yako: unataka Sanaa na Michezo kwa sababu unaipenda, ama kwa sababu unakimbia hisabati? Kama ni kukimbia, pole. Serikali iliamua mwaka wa 2025 kwamba hisabati itasomwa na kila mwanafunzi wa sekondari pevu, ile ya kina kwa walio STEM na ile ya msingi kwa wengine. Hakuna mkondo wa kujificha.

Na usisahau kwamba "nimefuata moyo" ni maneno matamu yakitamkwa na mtu ambaye karo yake inalipwa na mwingine. Mzazi anayeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza ng'ombe anaenda wapi.

Kati ya mwiko na kuachilia

Kosa letu ni kudhani kuna njia mbili pekee: baba mkali anayeamua yote, ama mzazi wa kisasa anayesema "fanya unavyotaka, mpenzi." Katika miaka ya sitini, mwanasaikolojia Mmarekani Diana Baumrind aliwachunguza wazazi na akawagawa katika makundi matatu. Kuna anayeamrisha na hataki maswali. Kuna anayeachilia kila kitu. Na kuna wa tatu, anayeweka sheria na kuzisimamia, lakini anaeleza sababu zake na kusikiliza za mtoto. Watoto wa huyu wa tatu ndio aliowakuta wakiwa na nidhamu na kujiamini kwa pamoja.

Si jambo geni kwetu. Waswahili walisema samaki mkunje angali mbichi, na wazazi wetu wanaupenda sana msemo huo. Sawa. Lakini hata mkunja samaki anajua kipimo. Ukimkunja kupita kiasi, anavunjika, na aliyevunjika halei tena.

Sheria nayo iko katikati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mkataba wa Afrika kuhusu haki na ustawi wa mtoto unaongeza kitu ambacho vijana hawapendi kukisoma: kifungu cha 31 kinampa mtoto wajibu, ukiwemo wa kuheshimu wazazi wake. Kusikilizwa na kuheshimu. Haviwezi kutenganishwa.

Tunachopendekeza

Mzazi, kabla hujashika kifutio, uliza maswali matatu. Unapenda nini katika jambo hili? Umelifanya mara ngapi bila kulazimishwa? Unajua mtu anayeishi kwa kazi hiyo? Kisha sikiliza majibu mpaka mwisho, hata kama chai inapoa. Kama una shaka, mpeleke akamwone mtu wa kazi hiyo kwa siku moja. Siku moja kwa fundi, kwa kocha, kwa muuguzi ama kwa mwanamuziki itamfundisha zaidi ya mahubiri ya mwaka mzima. Na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Wa jirani naye analinganishwa na wako.

Kijana, lete mezani zaidi ya machozi. Lete mpango. Sema utasoma masomo gani, utaingia chuo gani, na ukikosa nafasi ya kwanza utafanya nini. Fahamu kwamba mtihani wa KJSEA unachangia asilimia 60 ya alama za kuingia sekondari pevu, na nyingine 40 zinatoka kwa kazi uliyofanya miaka iliyotangulia. Mzazi akiona daftari lina ushahidi, ulimi wake hulegea. Akikataa bado, tafuta mtu anayemheshimu: shangazi, mwalimu, mzee wa kanisa. Hivyo ndivyo mambo mazito yamekuwa yakisemwa huku tangu zamani, na si aibu.

Shule na serikali, nanyi msijifiche nyuma ya familia. Mpango wa wizara ni asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM, 25 Sayansi ya Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Hiyo asilimia 15 ni watoto wengi sana. Wako wapi walimu wao wa muziki? Viwanja viko wapi? Vijana wa Nyeri walisubiri kwa miaka mingi uwanja wa Ruring'u ukamilike. Huwezi kumwambia baba wa Gatitu kwamba michezo ni kazi wakati alipita kwa miaka mingi kando ya uwanja uliokuwa ukisubiri. Yeye anaamini macho yake, na hatuwezi kumlaumu. Kila shule iwe na mwalimu wa ushauri wa kazi mwenye muda wa kukaa na mzazi na mtoto pamoja, kabla fomu haijatumwa.

Turudi pale mezani. Karatasi bado ina alama ya kifutio. Baba amemaliza chai, na msichana bado amenyamaza. Safu hii haitaki baba huyo ashindwe, na haitaki msichana huyo ashindwe pia. Tunataka tu baba arudishe penseli mezani aseme: "Hebu niambie kuhusu huu mpira." Na msichana, badala ya kununa, aanze: "Baba, nimefikiria hivi."

Pengine mwishoni ataandika STEM, pengine ataandika Sanaa na Michezo. Vyovyote vile, mwandiko uwe wake, na baba awe ndiye anayemsindikiza stejini siku ya kuripoti shule, akimshikia sanduku.